Shajara ya mradi: kilifishi wa Unguja na makopo mawili ya mayai

Januari, mwishoni

Haya jamani, naanza kuandika mapema maana nikingoja mpaka mambo yaishe nusu yake itakuwa imeshaniponyoka. Mradi ni kilifishi wa Unguja, Nothobranchius guentheri, yule samaki mdogo wa sentimita 5 hivi ambaye dume lake lina mkia mwekundu wa kuwaka wenye ukingo mweusi, mwili bluu inayoelekea kijani, na kila gamba limezungushiwa mstari mwekundu, hivyo ukimtazama ubavuni unaona wavu mtupu. Jike sasa hana hata kimoja cha hivyo, rangi ya tope na mapezi hayana kitu, ukimweka peke yake mtu atakuuliza mbona umefuga dagaa.

Kwa wasiomjua, kwa asili huyu yuko Unguja tu, kwenye vidimbwi, mitaro na majaruba ya mpunga, yale maji yanayokuja na mvua na kuondoka na jua. Pfeffer wa Hamburg ndo alimwandika kisayansi 1893 kutokana na samaki waliokusanywa na Stuhlmann mwaka 1888 na 1889, na jina la guentheri ni la Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London enzi hizo. Ndugu zake wapo wengi pwani yetu hii, Mafia kuna N. korthausae, Rufiji kuna N. eggersi, kila mmoja na rangi zake. Mtu anaweza kuuliza samaki wa dimbwi alivukaje bahari kufika kisiwani. Hakuhitaji kuvuka, mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, na miaka kama 20,000 nyuma, zama za barafu, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, kwa hiyo Unguja na bara ilikuwa nchi moja kavu na madimbwi yake.

Ninachotaka kufanya sio kujaza tangi samaki warembo, hilo limefanywa sana. Mimi nataka mayai. Samaki huyu maisha yake ya kuogelea ni mafupi, miezi kadhaa tu, kisha dimbwi linakauka na wote wanakufa, hakuna anayebaki hata mmoja. Kinachobaki ni mayai ndani ya tope, yanakaa humo kiangazi chote bila maji mpaka mvua inayofuata. Kwa hiyo ukihesabu vizuri anaweza kukaa ndani ya yai muda mrefu kuliko anaokaa nje, ila sisi tunampiga picha akiwa nje ndo tunadhani hapo ndo maisha yake yote. Mpango: nipate kizazi kimoja cha wazazi, nikusanye mayai yao, niyagawe makopo mawili yenye joto tofauti, nione nini kinatokea.

Mayai ya kuanzia nimepata kwa mfugaji mwenzangu, yako kwenye kopo la kokopiti nyevu, yaani lile vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kusuuzwa mpaka likaacha kutoa rangi. Unyevu wake ni ule wa kwamba ukibana kwa vidole halidondoshi tone. Kopo limeandikwa tarehe ya kukusanywa na dimbwi walikotoka mababu zake, na hilo la dimbwi naomba mtu asilidharau. Wafugaji wa kilifishi hawachanganyi samaki wa madimbwi tofauti hata kama ni spishi moja, maana kila dimbwi lina ukoo wake na ukishakoroga huwezi kuukorogoa tena.

Februari

Nimemwaga maji leo. Kabla ya kumwaga nilichambua kidogo kokopiti kwa kibano na lensi ya mkono, nikatafuta mayai. Yai lake ni dogo, milimita moja na ushee, ganda gumu kweli, unaweza kulibiringisha kati ya vidole lisipasuke. Lililo tayari unalijua kwa macho, yaani macho ya mtoto aliyeko ndani, meusi na duara la dhahabu limezunguka, na mtoto mwenyewe kajikunja kajaza yai lote. Ukiona duara la dhahabu kwenye mengi, mwaga maji. Ukiona mayai matupu yanayong'aa kama kioo, funga kopo rudisha kabatini.

Maji yawe ya baridi kidogo kuliko chumba maana ndivyo mvua inavyokuja, na yawe ya kina kifupi sana, vidole viwili vitatu basi. Kinachomwamsha mtoto zaidi ni hewa kupungua. Tope likilowa ghafla oksijeni inashuka, na mtoto aliyeko tayari anatoa kimeng'enya kinachoyeyusha ganda kutokea ndani, afu anasukuma anatoka. Ndo maana wafugaji wengine wanapuliza pumzi yao kwa mrija ndani ya maji, au wanatia chembe ndogo ya chakula ioze kidogo. Inaonekana uchawi lakini ni hesabu ya oksijeni tu. Mimi nimepuliza.

Jioni yake nikaona vijimstari vinaruka ruka juu ya kokopiti. Wametoka! Na wanatoka wakiwa wameshakamilika, sio kama watoto wa samaki wengine wanaolala siku kadhaa wakinyonya kiini. Hawa wanawinda papo hapo, kwa hiyo atemia, vile vijidudu vya maji chumvi vya kulishia watoto wa samaki, lazima iwe imeanza kutotolewa kwenye chupa ya maji chumvi siku moja kabla, ukichelewa wewe ndo umewaua.

Wachache ni watambaa kwa tumbo. Hili kila anayefuga Nothobranchius atalikuta, mtoto anatoka lakini kibofu chake cha hewa hakijai, basi anajikokota chini kama mjusi na hawezi kupanda. Sababu moja inayotajwa sana ni mtoto kukaa ndani ya yai tayari kwa muda mrefu mno, nguvu zinamwishia kabla ya kutoka. Maji ya kina kifupi yanasaidia. Walioshindwa niliwatoa, sitaki wawe wazazi.

Sasa kitu muhimu kuliko vyote leo: baada ya kuwahamisha waliotoka, kokopiti SIJAITUPA. Nimeichuja, nimeikausha mpaka ule unyevu wake wa mwanzo, nimerudisha kopo. Maana hawatoki wote mara moja.

Februari, bado

Nimelowesha tena ile kokopiti na wametoka wengine, wazima kabisa, wanaogelea vizuri kuliko hata wale wa kwanza. Na bado kwa lensi nayaona mayai mengine hayana hata jicho, yako kimya, safi.

Hapa ngoja niseme kidogo kwa sababu mradi mzima umesimama juu ya jambo hili. Fikiria dimbwi Unguja mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zinaanza, dimbwi linajaa, mayai yote yanatotolewa, afu mvua inakata, wiki mbili jua kali, dimbwi linakauka kabla samaki hawajataga. Ukoo umekwisha hapo hapo. Lakini kama mama ametaga mayai ambayo mengine yanaamka kwa mvua ya kwanza, mengine yanangoja ya pili, mengine yanangoja masika, mengine yanakaa mpaka mwakani, basi mvua ya uongo inaua sehemu tu. Hakuna yai linalojua mvua gani ni ya kweli, ila wote kwa pamoja hawawezi kukosea. Nikisoma mtu anauliza "mbona mayai yangu ni mabovu, yametoka thelathini tu", namwambia asitupe, hayo mengine sio mabovu, yanakataa tu kumwamini.

Machi

Wanakua kwa kasi ya kutisha. Chakula mara tatu kwa siku, atemia asubuhi na jioni, katikati dafnia (viroboto maji) au viluwiluwi vya mbu vidogo vidogo nilivyovua kwenye ndoo. Hao viluwiluwi wanawapenda mno, na sio ajabu, tangu 1941 Vanderplank aliandika kwenye jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuhusu samaki hawa wa Nothobranchius kama wala viluwiluwi wa kienyeji wa kupambana na malaria. Faida yao ni kwamba wanaishi kwenye yale madimbwi ya muda ambayo samaki mwingine yeyote ukimweka atakufa yakikauka, na mbu nao wanapenda hayo hayo.

Chakula kingi maana yake uchafu mwingi. Filta ni ya sponji na pampu ndogo ya hewa, mbubujiko wa taratibu, na maji nabadilisha sehemu kila siku maana watoto wa hivi hawavumilii amonia wala naitraiti, sumu zinazotoka kwenye uchafu huo. Nimetia chumvi ya kawaida isiyo na madini joto, gramu moja hivi kwa lita, sababu yake nitaieleza ikifika.

Mwisho wa mwezi madume yameanza kujitaja. Inaanza wekundu hafifu kwenye mkia, afu pezi la mgongoni, afu asubuhi moja unawasha taa unakuta mtu kavaa. Rangi hizi zinatoka kwenye seli za aina tofauti zilizopangwa ndani ya ngozi, nyekundu na njano zina pigmenti zake ambazo sehemu inatokana na chakula, nyeusi ni melanini, lakini bluu sio rangi ya kupakwa kabisa, ni vioo vidogo vya fuwele za guanini vinavyorudisha mwanga. Ndo maana dume akigeuka kidogo bluu inabadilika na wekundu unabaki palepale. Akitishwa anapauka ndani ya sekunde, akishinda ugomvi anakoza.

Mbona jike halina rangi? Kwa sababu rangi ina bei. Dimbwi ni dogo, maji ni ya matope, yangeyange amesimama pembeni anatazama, na mwenye mkia mwekundu ndo anaonekana wa kwanza. Dume analipa hiyo bei kwa sababu jike linachagua, na Haas alichapisha 1976 utafiti juu ya uteuzi wa kijinsia kwa spishi hii hii ya kwetu. Jike lenyewe linabeba mayai ya kesho na kesho kutwa, halina haja ya kujionesha kwa yeyote.

Kingine ambacho watu hawakijui, hata kromosomu zao, zile nyuzi za urithi ndani ya seli, hazilingani idadi. Jike ana 36, dume ana 35, kwa sababu mfumo wao wa jinsia una X za aina mbili na Y moja, na ile Y imeungana na kromosomu nyingine. Iligunduliwa miaka ya 1980. Sina la kuifanyia kwenye mradi huu ila naipenda.

Aprili

Masika imeshuka nje na ndani ya nyumba nako wameanza kutaga, hakuna uhusiano lakini nimefurahi.

Nimewapanga dume mmoja na majike matatu kila tangi, maana dume wa hawa hana staha, anafukuza kuanzia taa inawaka mpaka inazimwa, jike moja peke yake litachoka na mapezi yatachanika. Nimeweka mimea ya kujificha na bakuli moja la kioo lenye kokopiti, mdomo mwembamba.

Kutaga kwenyewe ni hivi. Dume anamjia jike kwa juu, anatetemesha mapezi, jike likikubali linashuka linagusa chini, dume anajibandika ubavuni na kumfunika mgongo kwa pezi lake, miili yote miwili inajikunja herufi S, mtetemo mmoja mfupi, yai moja limeingia ndani ya kokopiti. Moja tu! Afu wanarudia. Kwa siku jike lililoshiba linatoa makumi. Hakuna kiota, hakuna kulinda, yai limeshafukiwa na mambo yamekwisha, dume tayari anamwangalia mwingine.

Na yai lile halipo salama karibu na wazazi, sio kwamba wanalila tu. Mwaka 1981 Inglima na wenzake walichapisha utafiti, tena kwa guentheri huyu huyu, wakaonesha kwamba mayai yakikaa kwenye maji yenye samaki wakubwa yanagoma kuendelea kukua, ukiyaondoa yanaendelea. Nikikaa kimya nikalifikiria hilo naona akili yake, maana kama wakubwa bado wanaogelea basi maji bado yapo, na kama maji bado yapo huu sio wakati wako wa kukua. Natoa bakuli kila wiki.

Mei

Nimekusanya vya kutosha. Kokopiti yote nimeichuja kwa kitambaa, nimeibana kwa mkono taratibu (usiogope, ganda ni gumu), nimeitandaza juu ya magazeti ipungue maji, afu nimechanganya yote pamoja vizuri ili makopo yapate mayai ya mama wale wale na wiki zile zile. Hapo nikagawa mara mbili.

Kopo la moto: linakaa juu ya kabati nyuma ya friji ambako joto la kompresa linapanda, kipimajoto kinasoma 28 mpaka 30.

Kopo la mtungi: liko ndani ya mtungi wa udongo uliosimama kwenye beseni la maji, udongo unanyonya maji yanatoka jasho na kupoza ndani. Kwa sasa 25, na kipupwe kikiingia naamini itashuka zaidi.

Yote yako gizani, yote unyevu sawa.

Juni

Leo nimefungua yote mawili nikatoa mayai kadhaa kila kopo nikaweka kwenye kisahani cha maji chini ya hadubini ya kuazima.

Mayai ya kilifishi wa msimu yana vituo vitatu vya kusimama, vinaitwa diapozi, na Wourms ndo alivipanga vizuri kwenye maandiko yake ya 1972. Kituo cha kwanza ni cha ajabu kuliko vyote. Samaki wa kawaida seli zikishafunika kiini zinaanza mara moja kujenga mwili. Hawa seli zinatawanyika! Kila moja inakwenda kivyake juu ya kiini, hakuna mwili, hakuna kichwa wala mkia, na zinaweza kukaa hivyo hivyo zimetapakaa muda mrefu kabla hazijakusanyika upya na kuanza. Kituo cha pili mwili mwembamba umeshalala juu ya kiini, una uti na mwanzo wa macho na moyo ambao ni bomba tu, na hapo kila kitu kinapunguzwa, moyo unapiga polepole mno, matumizi ya nguvu yanashuka karibu na sifuri. Kituo cha tatu mtoto kakamilika, yule mwenye duara la dhahabu, anangoja maji tu.

Kopo la moto: mengi yameshapita kituo cha pili bila kusimama, macho yanaanza kuwa meusi, moyo unapiga haraka unaona na damu inazunguka.

Kopo la mtungi: karibu yote yako kituo cha pili. Nimekaa na yai moja muda mrefu nikingoja pigo la moyo na nilishakaribia kusema limekufa ndo likapiga.

Hiki ndo kitu nilitaka kukiona kwa macho yangu. Markofsky na Matias waliandika 1977 juu ya joto na diapozi kwa guentheri huyu, kwamba joto linabadili lini anasimama na kwa muda gani, kwa hiyo sijagundua kitu kipya hapa, ila kusoma ni kimoja na kuona ni kingine.

Julai

Habari za wazazi kidogo. Tangi moja limeingiwa na ugonjwa wa velveti. Unaiona ukimmulika samaki kwa tochi pembeni, vumbi la dhahabu mgongoni, na samaki anajisugua kwenye mimea na mapezi kayabana. Huyu ni kimelea cha seli moja, Piscinoodinium, na jamii yote ya Nothobranchius inamwogopa, anaweza kufagia tangi zima kwa siku chache. Ndo ile sababu ya chumvi niliyoahidi, chumvi kidogo muda wote inamzuia. Tangi hili nilikuwa nabadilisha maji kwa wingi na chumvi ikawa imezimuliwa.

Nimeongeza chumvi taratibu kwa siku kadhaa, nimepandisha joto kidogo, na nimefunika tangi lote kwa kanga nene, kwa sababu kimelea huyu ana chembe za kijani kama mmea na giza linamnyima sehemu ya chakula. Dume mmoja amekwenda, waliobaki wanakula.

Mtungi umeshuka 24 na kitu, kipupwe hiki kinanisaidia bure.

Agosti

Kopo la moto limejaa macho ya dhahabu. Sio yote, na hili ndo linanisisimua, hata kwenye nyuzi 29 kuna mayai kibao yamebaki kituo cha pili, na machache seli bado zimetapakaa. Joto linasukuma lakini halilazimishi. Mayai ya mama wale wale, kopo moja, kokopiti moja, unyevu mmoja, na bado yamegawanyika. Ukoo huu haukubali kuweka mayai yote kapu moja hata ukiliwekea moto.

Meupe yenye ukungu pia ni mengi zaidi huku kuliko kwenye mtungi. Joto linaharakisha na kuoza pia. Nimeyatoa kwa kibano moja moja, kazi ya kuumiza shingo.

Nimefikiria nimwage maji sasa, nikaacha wiki mbili zaidi wale waliochelewa kidogo wafike.

Septemba

Nimelowesha kopo la moto. Wametoka wengi, haraka, na watambaa kwa tumbo ni wachache kuliko nilivyotegemea. Kama wamepita moja kwa moja bila kusimama basi wametoka na akiba yao ya kiini karibu yote, naona kama ndo sababu, watoto wenyewe ni wanene. Kokopiti nimeirudisha kopo kama kawaida.

Wazazi sasa ni wazee. Samaki wa Februari! Dume mkubwa rangi imefifia, bluu imekuwa ya kijivu, mgongo umepinda kidogo, anaanza kukonda tumbo ingawa anakula. Maji ni mazuri, ugonjwa hakuna, ni uzee tu. Porini asingefika hapa, dimbwi lingekuwa limeshakauka, na hapo ndo penyewe: kasoro ya kurithi inayojitokeza baada ya dimbwi kukauka haina wa kuifuta, kwa sababu mwenye nayo ameshataga na ameshakufa pamoja na asiye nayo. Zinarundikana kizazi kwa kizazi. Wanasayansi wamemtumia guentheri kusomea uzee tangu miaka ya 1970, akitunzwa ndani anafika mwaka na zaidi kidogo, ila sa hivi maabara nyingi zimehamia kwa binamu yake N. furzeri, aliyepatikana Gonarezhou huko Zimbabwe mwaka 1968, kwa sababu ukoo mmoja wake unazeeka na kufa ndani ya wiki chache tu, Valdesalice na Cellerino waliliandika hilo 2003, na jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, ikachapishwa 2015. Binafsi naona huyu wetu ana rangi nzuri zaidi, lakini maabara hawachagui kwa rangi.

Oktoba

Kopo la mtungi, hadubini tena. Asilimia kubwa bado wako kituo cha pili, wasafi, hakuna ukungu karibu kabisa. Wachache wana macho. Joto la nje limeanza kupanda na mtungi unasoma 26, na nahisi huo upandaji ndo unawaamsha, maana wale wenye macho wote wanaonekana wa hatua moja, wamesafiri pamoja.

Nimejaribu kitu kingine pembeni, nimechukua mayai machache ya mtungi yaliyosimama nikayahamishia juu ya friji, kopo dogo, nione yataanza safari kwa muda gani.

Kopo la moto nimelilowesha kwa mara nyingine na wametoka wengine tena. Ni wadogo zao wale wa Septemba, wa mama wale wale, ila sasa wana tofauti ya ukubwa ambayo mtu akiona atasema ni vizazi viwili. Usiwaweke tangi moja, watalana.

Novemba

Yale machache ya mtungi niliyoyahamishia joto yameota macho karibu yote, tena kwa pamoja, wakati wenzao mtungini bado wanaburuta. Kwa hiyo kwangu sa hivi naona hivi: ubaridi unayapanga foleni kituo cha pili na joto likija yanaondoka pamoja, wakati joto tangu mwanzo linayatawanya, kila yai linakwenda saa yake. Kama unataka watoto wengi wa umri mmoja, poza kwanza kisha pasha. Kama unataka ukoo usikatike hata ukisafiri au umeme ukikatika wiki nzima, acha kopo mtungini na usiliguse.

Tangi za wazazi nimebakiza majike mawili tu, wanakula lakini hawatagi tena. Wale wa Septemba madume yameshavaa mikia na nimechagua wanane wa kuendeleza, sio wenye rangi kali tu, nimechukua na wawili wa katikati wenye mwili mzuri maana ukichagua mkia peke yake vizazi vitatu vijavyo una mkia unaoogelea bila samaki.

Kopo la mtungi halijaloweshwa. Wenye macho ni kama robo, nitangoja wafike nusu. Kibandiko nimekibadilisha kwa sababu wino ulifutika kwa unyevu, nimeandika upya kwa penseli: spishi, dimbwi, Aprili mpaka Mei, usiloweshe kabla ya Januari.